Vijiti vimejaa, muamala hauendi

Mjomba alinipigia saa moja kasoro asubuhi, hata chai sijanywa. Shikamoo yangu aliikata katikati. "Marahaba, marahaba. Mwanangu, hiki kibati chako kinanitania. Vijiti vimejaa mpaka juu, muamala hauendi."

Kibati chenyewe ni antena niliyompelekea Kigombe, kijijini pwani ya Tanga, wiki moja kabla, iende kwenye ruta ya dukani kwake. Mjomba ni wakala wa pesa kwa simu, na duka lake limekaa bondeni nyuma ya minazi, mahali ambapo mtandao ni waja leo waondoka leo. Nilikuwa nimejisifu sana kuhusu antena ile. Kabla ya kuifunga niliipiga picha kwenye kipimo, mstari unaoonyesha nguvu inayorudishwa na antena umezama mpaka desibeli 38 chini ya sifuri, nikawatumia wenzangu niliosoma nao uhandisi wa mawasiliano. Wakanipigia makofi. Mteja wa mjomba hakuwa na habari na makofi hayo, alikuwa anataka kutoa elfu thelathini zake.

Nilikaa kwenye meza yangu ya kazi, Ngamiani, Tanga mjini, sinia la vitumbua limepoa pembeni, nikauangalia ule mstari upya. Kosa lilikuwa palepale kwenye picha niliyojisifia.

Kwa asiyejua: simu na ruta za kawaida za 4G kwenye masafa ya 1800 hazisemi na kusikia mahali pamoja. Ruta inamwambia mnara kati ya megahezi 1710 na 1785. Mnara unajibu kati ya 1805 na 1880. Antena yangu ilikuwa inaitika vizuri kabisa kwenye 1842, katikati ya upande wa kusikia, na upana wote wa masafa inayoyaitika haukuzidi megahezi 40. Vijiti kwenye ruta vinapima unachosikia. Mnara una nguvu ya kutosha, unasikika hata kwa antena mbovu. Ruta ya mjomba inasema kwa sehemu ya tano ya wati moja tu, nayo ilikuwa inasemea mahali ambapo antena imeziba masikio. Nilipofanya hesabu kwa 1747, katikati ya upande wa kusema, nikakuta kila shilingi kumi za nguvu zinazopanda waya, saba zinarudi zilikotoka. Na zile tatu zilizobaki hazikutoka zote, nitafika huko.

Antena yenyewe ni ya aina inayoitwa kiraka, na jina halikukosewa. Ni kiraka cha shaba kilichokaa juu ya bamba jingine la metali kubwa zaidi, katikati yao kuna kitu kisichopitisha umeme. Wazo liliandikwa na mtafiti Deschamps mwaka 1953, likaja kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1970, na mpaka leo linapendwa kwa sababu ni bapa, halina mkono wala fito ya kunguru kukalia. Urefu wa kiraka ni karibu nusu ya wimbi. Kwenye 1800 wimbi lina milimita 167, kwa hiyo nusu ni 83 na kidogo. Ukiweka katikati ubao wa kawaida wa saketi, ule wa kijani wa fibaglasi unaoitwa FR4, wimbi linabanwa ndani ya ubao na kiraka kinapungua mpaka chini ya milimita 40. Changu kilikuwa 38 na nusu. Kinakaa kiganjani. Mjomba alifurahi kilivyo kidogo, nami nikafurahi kwamba mjomba kafurahi.

Tatizo ni kwamba nguvu hairuki hewani kutokea katikati ya kiraka, inavuja pembeni, kupitia ule mwanya kati ya kiraka na bamba la chini. Ubao wangu una unene wa milimita 1.6. Mwanya wa milimita 1.6 kwa wimbi la milimita 167 ni kama kutaka harusi nzima itoke ukumbini kupitia tundu la kitasa. Nguvu inabaki ndani ikizunguka, inaitika kwa sauti moja kali kama glasi iliyogongwa kijiko, na ukisogea kidogo tu kutoka kwenye sauti hiyo, kimya. Huo ndio wembamba. Na wembamba huo haukusamehe chochote. Mkasi ukiteleza milimita moja kwenye kiraka cha 38, umehama zaidi ya megahezi 45, yaani umetoka nje ya upana wako wote. Ubao ulionunua leo na ule utakaonunua mwezi ujao havifanani kabisa kwa ndani, na ukifunika kwa plastiki inahama tena.

Hapa naomba niseme jambo linaloniudhi. Mafundi wengi, na mimi wa wiki ile nikiwemo, tunashindana kwa kina cha shimo la ule mstari. Mwenzako akionyesha desibeli 25, wewe unaonyesha 40. Lakini kwenye desibeli 10 chini ya sifuri, sehemu tisa katika kumi tayari zimeingia kwenye antena. Kutoka hapo mpaka 40 unaokoa chini ya nusu desibeli, kiasi ambacho konekta iliyolegea inakula yenyewe kabla ya chakula cha mchana. Shimo refu ni urembo. Antena ya simu inataka bonde pana hata kama ni la kina kifupi.

Ila upana nao una udanganyifu wake, na huu ni mbaya zaidi. NanoVNA yangu, yaani kile kipimo cha antena, ile inayofika gigahezi 3, ilikuja na vikonekta vitatu vya kusawazishia kipimo. Kimoja ni mzigo wa omu 50. Kifunge hicho mahali pa antena: mstari unalala chini kabisa kuanzia mwanzo wa skrini mpaka mwisho. Hakuna antena duniani yenye upana kama ule, na hakirushi chochote, kinapasha joto tu. Kwa hiyo mtu akiniambia kapata upana mkubwa kwenye ubao wa FR4 mwembamba, namuuliza kwanza nguvu imeenda wapi. Fibaglasi hiyo inakula nguvu kidogo kila wimbi linapocheza ndani yake, na kiraka chembamba kinalichezesha wimbi muda mrefu kabla ya kuliachia. Nilipokaa na kalamu nikakuta ile antena ya mjomba, hata pale kwenye 1842 niliposhangilia, ilikuwa inarusha sehemu 37 hivi katika mia. Zilizobaki zilikuwa zinaupasha ubao moto. Hata zile megahezi 40 za upana, nusu yake na zaidi zilikuwa za uongo, zimeletwa na hasara. Rudi sasa kwenye zile shilingi tatu zilizobaki kwenye 1747: iliyofika hewani ni moja. Mjomba alikuwa anapaza sauti kwa shilingi moja katika kumi.

Na waya! Waya ulinidanganya siku hiyohiyo. Nilikuwa nimepima kupitia waya mwembamba mweusi wa mita tano. Kwenye masafa haya waya kama ule unakula karibu desibeli moja kila mita, kwenda, na nyingine kurudi. Nikafungua antena, nikaacha ncha tupu inaning'inia, kipimo bado kinaniambia desibeli 10. Yaani hewa tupu mwishoni mwa waya ilikuwa inapita mtihani. Tangu siku hiyo nasawazisha kipimo kwenye ncha ya mwisho ya waya, pale antena inapofungwa, na waya wa mjomba nimeukata kutoka mita kumi hadi tatu.

Basi nikaanza upya. Nilitaka kuanzia 1710 mpaka 2170, ili nipate 1800 yote na 2100 yote, maana ruta haikuulizi, mnara ukiiambia hamia kule inahama. Hizo ni megahezi 460, karibu robo ya masafa ya katikati. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa na asilimia mbili. Za 2300 na 2600 nimeziacha makusudi, mshika mbili moja humponyoka na mimi nilikuwa nashika nne.

Dawa ya kwanza ni kuondoa fibaglasi na kuongeza kimo. Hewa haili kitu. Lakini kiraka hakielei hewani, kinahitaji kulalia kitu, na kitu kilicho karibu zaidi na hewa nilikuwa nacho stoo: lile povu jeupe la vijipunje linalokuja kwenye boksi la televisheni. Wavuvi wa Kigombe wanalijua vizuri, wanawekea barafu na samaki ndani yake. Nililikata kwa waya uliopashwa moto, unene wa milimita 12 na nusu, ambao ni karibu asilimia nane ya wimbi la katikati.

Shaba ilinisumbua zaidi. Bati la debe linafaa kwa bamba la chini, lakini kwa kiraka chenyewe silipendi: kwenye masafa haya umeme unatembea juujuu kwenye ngozi ya metali, na ngozi ya bati iliyopakwa kwenye debe ni nyembamba kuliko kina kinachohitajika, hivyo umeme unazama mpaka kwenye chuma na kuchoka huko. Nikaenda kwa fundi bati anayekaa karibu na sisi, yule wa majiko na vibatari. Alikuwa na dele la zamani la shaba la muuza kahawa, limetoboka tako, mwenyewe kalitelekeza. Akalipasua ubavuni, akaligonga taratibu kwa nyundo ya mti mpaka likalala kama karatasi. "Dada, unatengeneza nini hiki?" Nikamwambia sikio la simu. Akatikisa kichwa, akachukua buku mbili yake.

Nikakata kiraka cha milimita 95 kwa 58. Nikachomea konekta ya SMA chini, pini yake nimeirefusha ipite kwenye povu mpaka kwenye shaba. Nikapima. Matokeo yalikuwa ya ovyo kuliko ya kwanza.

Hili lilikuwa limewakwamisha watu muda mrefu kabla yangu. Ukiinua kiraka, pini inakuwa ndefu, na pini ndefu kwenye masafa ya juu si waya tena, ni koili. Yangu ya milimita 12 na nusu, kwa hesabu, ilikuwa inazuia zaidi ya omu 100, wakati mlango mzima wa kuingilia ni omu 50. Umefungua madirisha yote ya nyumba halafu umeweka kabati mlangoni. Mwaka 1995 watafiti Huynh na Lee walionyesha njia ambayo mpaka leo naiona ni ya ujanja mtupu: kata mpasuo wa umbo la U ndani ya kiraka, kuizunguka pini. Mpasuo ule unafanya kazi mbili. Unafuta ile koili, kwa sababu kingo mbili za shaba zinazotazamana ni kapasita, kinyume cha koili. Na unaupa umeme njia ya pili, ndefu kidogo, ya kuzunguka mpasuo, hivyo kiraka kimoja kinaitika sauti mbili zinazokaribiana. Sauti mbili zikikaa karibu vya kutosha, bonde lao linaungana.

Kuliunganisha bonde hilo ndiko kulikonimalizia usiku tatu. Nilianza na U yenye kimo cha milimita 38, upana 32, mpasuo wenyewe milimita tano. Kwenye ile chati ya duara, chati ya Smith, unachotafuta ni kitanzi. Mstari unapita, unajikunja, unatengeneza kitanzi kidogo kama cha uzi uliojifunga, na kazi yako ni kukisogeza kitanzi hicho kikae juu ya kitovu cha chati, pale ambapo hakuna nguvu inayorudi, na kukifanya kiwe kidogo kiasi kwamba hakitoki nje ya duara la desibeli 10. Ukirefusha mikono ya U, sauti ya chini inashuka na kitanzi kinavimba. Ukisogeza pini milimita mbili kuelekea katikati, kitanzi kinahama kwenda kushoto. Nilijifunza kukifinya kwa vipande vya shaba ya gundi: bandika kipande ndani ya mpasuo, angalia skrini, kibandue, kipunguze kwa wembe. Programu ya bure ya kukokotoa nilikuwa nayo kwenye kompyuta, ila umeme ulikatika mara mbili hesabu ikiwa katikati, nikaona wembe hauhitaji umeme.

Usiku wa tatu, saa sita na robo, kitanzi kikakaa. Kuanzia 1680 mpaka 2230, yote chini ya mstari wa desibeli 10 chini ya sifuri. Hakuna shimo refu popote, penye kina zaidi ni 19. Sikumtumia mtu picha.

Asubuhi nikampelekea mjomba vipimo kwa simu. Kimya kidogo. "Mwanangu, hiki ni kitabu au antena?" Pamoja na bamba la chini ilikuwa sentimita 15 kwa 13, na mahali pake ni chini ya ubavu wa dirisha, kati ya nondo na ukuta, ambapo mpita njia haoni. Sentimita kumi ndiyo mwisho. Na ruta ina matundu mawili, kwa hiyo ni vitabu viwili.

Hapa ndipo kila mtu anayetengeneza antena anagonga ukuta uleule. Mtafiti Chu alishaupima ukuta huo mwaka 1948: antena ikiwa ndogo kuliko wimbi, kila unapoipunguza unalipa kwa upana, na bei inapanda haraka kuliko unavyopungua. Fungua kifaa chochote cha kufuatilia bodaboda utakuta kiraka cha kauri cha GPS, milimita 25 kwa 25, wakati nusu ya wimbi lake ni 95. Kimewezaje? Kauri inalibana wimbi kuliko fibaglasi, na upana umekufa. GPS haijali, inasikiliza 1575 peke yake na haijibu. Mtu wa muamala anajibu. Na simu yenyewe mfukoni kwako inadanganya kidogo kwa udogo wake: kwenye masafa ya chini si kile kiantena cha pembeni peke yake kinachorusha, ni ubao mzima wa simu pamoja nacho. Ndiyo maana mteja akibadilishiwa fremu na kispringi kimoja cha antena kisiguse, anarudi kesho yake akisema fundi kaniulia mtandao.

Mimi sikutaka kauri. Nilichofanya ni kukitazama kiraka changu na kuona kwamba upande wa kushoto ni kioo cha upande wa kulia. Umeme unatembea juu na chini, na pande mbili zinatembea sawasawa, hakuna kinachovuka mstari wa katikati. Kama hakuna kinachovuka, ukikata hapo nusu iliyobaki haitajua. Wapo waliolithibitisha hili maabara muda mrefu. Hata hivyo kuchukua mkasi na kukata katikati kitu ulichokilia usiku tatu kunataka moyo. Nikakata. U ikawa L, pini ikawa ukingoni kabisa, kiraka milimita 48 kwa 58, bamba la chini sentimita kumi kwa kumi.

Kipimo: 1700 mpaka 2190. Nimepoteza kidogo kila upande na ninachotaka bado kimo ndani. Nguvu ya kuelekeza mbele imepungua, hilo nililijua. Nikatengeneza ya pili, nikaigeuza robo duara ili mbili zisisikilize kitu kilekile.

Kigombe kuna chumvi. Bati linaloishi miaka kumi Korogwe, ufukweni halimalizi hata nusu yake. Nikaipaka shaba rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, mikono miwili, nikaziweka antena ndani ya makopo ya aisikrimu yenye mifuniko, mdomo chini, na tundu dogo la kutolea unyevu. Kifuniko kiliishusha antena megahezi 12. Ile ya kwanza ingekufa hapo. Hii bado ilikuwa na nafasi pembeni.

Jumamosi nikapanda basi la Pangani, makopo mapajani, jirani yangu kitini akaniuliza aisikrimu ya nini saa hizi. Tulizifunga kabla ya adhuhuri. Vijiti vilipungua: vilikuwa vinne, vikawa vitatu. Mjomba akanitazama kwa jicho la pembeni, hakusema. Akaja mama mmoja na kanga ya kijani, anatoa elfu hamsini. Mjomba akabonyeza, akaweka simu kaunta, akakunja mikono kama mtu anayesubiri daladala. Ujumbe uliingia kabla hajamaliza kukunja. Akabonyeza wa pili, wa tatu. Mpaka tunakula, samaki wa kupaka na wali wa nazi, alikuwa kafanya kumi na mbili, na mtandao umeshahama kwenda 2100 na kurudi bila yeye kujua.

Kilichobaki ni usiku. Usiku ruta inashuka kwenye masafa ya 800, na huko wimbi lina milimita 375. Kiraka cha hewa kwa huko hakiingii kwenye kopo lolote la aisikrimu, bamba lake la chini nalo si la kukata kwenye debe. Jana nimepima sinia la bati la mama, lile kubwa la pilau. Kipenyo sentimita 52, bapa kabisa, halina hata kovu. Bado sijamwambia.